Kumkanda Baba

Mwezi uliopita nilijipeleka kwenye kliniki moja ya viungo kule Mbezi Beach, kichwa kikiniuma upande mmoja kwa wiki ya tatu mfululizo. Nilikuwa nimeshameza vidonge vya kila rangi. Kijana aliyenipokea, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, hakukigusa kichwa changu hata kidogo. Alinilaza kifudifudi, akafungua chupa ya mafuta, harufu ya karafuu ikajaa chumba kizima, kisha akaniwekea kidole gumba juu ya bega na kukandamiza. Maumivu yakaruka mpaka pembeni mwa jicho. Nikaangua kicheko. Mtoto wa watu akashtuka, akaniuliza, "Mama, nimekutekenya?" Nikamwambia hapana, endelea tu baba, nimemkumbuka bibi yangu.

Ukutani alikuwa ametundika picha ya mtu asiye na ngozi, misuli yote nje, na alama za msalaba mabegani na mgongoni, kila moja ina mshale unaokwenda mahali pengine kabisa. Alinieleza kwa upole kwamba msuli unaweza kufunga fundo huku, maumivu yake yakasikika kule, na mtu akatibiwa kule miaka na miaka bila nafuu. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba somo hilo nililimaliza nikiwa na miaka tisa, Mbagala, nimepiga magoti nyuma ya mgongo wa baba yangu.

Baba alikuwa mchongaji wa vinyago. Alitoka Newala akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kwenye banda la makuti kando ya barabara, yeye na wenzake wa Kusini, wamekaa chini wamenyoosha miguu, gogo la mpingo wamelibana kwa nyayo, tezo inapanda na kushuka. Tezo, kwa aliyesahau, ni kishoka kidogo ambacho makali yake yamekaa kama ya jembe. Jioni alirudi na vumbi la mpingo hadi kwenye kope, akipenga kamasi nyeusi, na mimi niliamini wanaume wote wakishakuwa watu wazima hupenga nyeusi. Nilimwonea huruma sana mwalimu wetu wa hesabu kwa kuwa yake ilikuwa bado haijabadilika.

Kisha mkono wa kulia wa Baba ukaanza ukorofi. Ulianzia kwenye kidole gumba na cha shahada, ganzi na moto kwa pamoja. Mwenyewe alisema ni siafu wanapishana ndani ya mfupa. Akapakwa dawa ya kuchua, akafungwa bendeji, akauchovya mkono kwenye maji moto ya chumvi mpaka ngozi ikakunjamana. Hospitali walimpiga picha, wakasema mfupa ni mzima, wakampa vidonge. Wenzake pale bandani walikuwa na jibu lao, kwamba kuna mwenye kijicho amemrushia kitu, na wao wakamletea dawa ya kufunga kwenye kiwiko. Wote hao, wenye picha na wenye hirizi, walishughulika na mkono, kwa kuwa ndio uliokuwa unauma.

Siku tezo ilipomponyoka ikapita kando ya mguu na kumchana suruali, Baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Sikuwahi kumwona Baba nyumbani saa nne asubuhi ya siku ya kazi. Alikaa kwenye kizingiti ameulaza ule mkono mapajani, kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amshike kidogo. Nikamwamkia, akaitikia, lakini hakunitania kama kawaida yake.

Haikupita wiki, jamaa mmoja akamtafutia kazi ya ulinzi Goba, kwa mtu aliyekuwa anajenga huko milimani. Goba ya wakati ule, kwa mtu wa Mbagala, ilikuwa safari ya kuaga. Angelala huko huko, angekuja nyumbani siku moja kwa wiki, na kazi ilikuwa ianze mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Baba akaanza kuzifunga tezo zake kwenye gunia ili awape vijana wa bandani. Nilimwona akizipaka mafuta kwanza, moja baada ya nyingine, kwa mkono wa kushoto. Mama aliingia jikoni akakaa humo muda mrefu, na jikoni hapakuwa na chungu motoni. Hapo nikaelewa kwamba Baba hapewi kazi mpya, bali ananyang'anywa ile aliyokuwa nayo, na mimi nanyang'anywa Baba.

Wakati huo Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, tumbo limeshashuka, na Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amekuja kutoka Kigamboni kumsubiri ajifungue. Bibi alikuwa mkandaji. Kwao huko mwanamke akishajifungua yeye ndiye huitwa, aje na maji yake ya moto na mafuta yake ya nazi aliyoyapika na karafuu, amkande mzazi siku arobaini mpaka mwili urudi mahali pake. Walikuwa wakimwendea pia wabeba mizigo na wanawake wanaokuna nazi za biashara. Ukimpa mkono wa salamu tu, ulijua ameshakupima.

Sasa hapo ndipo penye ugumu, na msomaji aliyekulia pwani ameshanitangulia. Bibi alikuwa mama mkwe. Kwa desturi ya kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawagusani. Hawali sinia moja, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, akipita huyu ukumbini yule anasubiri. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba, kwa hiyo watu wawili hawa waliishi kwa kukohoa. Baba alikohoa kabla ya kuingia, Bibi alikohoa kabla ya kutoka. Mgeni angedhani nyumba nzima tuna kifaduro. Na walipotaka kusemezana, hata wakiwa hatua tatu tu na pazia katikati, walipitia kwangu.

"Zuhura, mwambie baba yako uji wake unapoa."

"Baba, uji unapoa."

"Mwambie Bibi nimesikia, ahsante."

"Bibi, amesikia, ahsante."

"Haya."

Siku moja Bibi akaliona lile gunia la tezo limefungwa kamba. Alasiri, Baba akiwa amekaa ukumbini, nikasikia kikohozi nyuma ya pazia la chumba chake.

"Zuhura, muulize baba yako, akilala analalia ubavu gani."

"Wa kulia ulikuwa wangu," Baba akasema. "Siku hizi siuwezi."

"Muulize, akipeleka mkono mgongoni kama anatoa kitu mfuko wa nyuma, bega linamwambiaje?"

Baba akajaribu. Uso ukamkunjamana kabla mkono haujafika kiunoni. "Mwambie linakataa."

"Linakataa," Bibi akarudia peke yake. "Na wao wanapaka dawa mkononi. Mkono wa watu umeonewa bure."

Nikaingia ndani kumuuliza, maana nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mkono si ndio unaouma? Bibi akanivuta karibu. "We mke mwenzangu, ukipigwa na wenzio huko uani, unakujaga kulilia wapi?"

"Jikoni, kwa Mama."

"Sasa aliyekupiga yupo jikoni?"

"Yupo uani."

"Basi mkono wa baba yako unalia jikoni. Aliyempiga yuko begani, kwa nyuma, kwenye nyama. Kuna fundo pale."

Maelezo mazuri kuliko hayo sijayasikia mpaka leo, hata kwa kijana wa Mbezi Beach. Ila mimi niliyaelewa kwa akili ya miaka tisa. Nilichokishika ni kwamba maumivu yana miguu. Yanaweza kuondoka begani, yakateremka na mkono, yakakaa kwenye gumba, na yakifukuzwa yatatafuta pengine pa kukaa. Sikumwambia Bibi kwamba nimeelewa hivyo, kwa kuwa nilidhani ndivyo alivyosema.

Wa kwanza kupewa kazi ya kukanda alikuwa Mama, kwa kuwa ndiye mke. Baba alivua shati, akakaa kwenye mkeka, mgongo umeelekea kwenye pazia, na Bibi akawa anaelekeza kutoka ndani. Tatizo ni kwamba Baba alikuwa na mtekenyo. Mama alipoweka tu vidole kwenye mbavu, Baba akaruka, Mama akacheka, Baba naye akacheka, Mama akamwambia, "Tulia wewe," kwa sauti ambayo haikuwa ya kumwambia mgonjwa. Nyuma ya pazia Bibi akakohoa kikohozi kirefu cha aibu. Na lile tumbo la Mama nalo lilikuwa linatangulia kufika kabla ya mikono. Bibi akaamua. "Zuhura, kapake mafuta mikono yako uje."

Ndivyo nilivyokuwa mikono ya Bibi. Kila alasiri nikitoka shule nilipiga magoti nyuma ya Baba, nyuma yangu pazia la maua ya zambarau, nyuma ya pazia Bibi kwenye kigoda chake. Haoni kitu, anaona kwa kuuliza.

"Umelishika kombe la bega? Ule mfupa mpana?"

"Nimeushika."

"Sasa ingia katikati yake. Taratibu, kama unachambua mchele unatafuta jiwe."

Siku ya kwanza sikupata kitu. Ya pili nilipata mbavu, nikazikanda kwa bidii zote mpaka Baba akaomba kupumzika. Siku ya tatu Bibi akachoka kuuliza. Nikashtukia mkono wake umetokea ukingoni mwa pazia, umenishika kiwiko kwa nyuma, unaniongoza kama mtu anayefundisha mtoto kuandika. Kushoto kidogo, chini kidogo, simama. Hakumgusa mkwewe. Alinigusa mimi, na mimi ndiye niliyemgusa Baba, kwa hiyo adabu ilikuwa mahali pake. Chini ya kidole changu kitu kama punje ya mbaazi kikateleza, kikarudi. Bibi akanisukuma kiwiko.

Baba akavuta pumzi kwa meno. "Hapo. Hapo hapo. Imefika kwenye gumba."

"Bibi, anasema imefika..."

"Nimesikia. Usiachie. Hesabu mpaka thelathini, na tumia konzi, usitumie ncha ya kidole."

Nilihesabu mpaka thelathini kwa ncha ya kidole, kwa kuwa kwa konzi sikuisikia ile punje, na mimi nilikuwa nimempata mwizi, nisingekubali kumwachia. Baba alikuwa akitoa jasho shingoni. Tulipomaliza alikunja kiganja na kukikunjua, akakitazama upande huu na upande huu, akasema taratibu kwamba siafu wamepungua. Sijawahi kufaulu mtihani wowote nikasikia raha ile.

Kila baada ya kukanda, Bibi aliniamuru ninawe kwa sabuni hadi viwiko, kule uani, kabla sijagusa chochote. Mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Akimaliza kukanda mtu lazima anawe. Hakunieleza sababu na mimi sikuuliza, maana niliijua. Yale maumivu yalikuwa yanatokea mikononi mwangu na ni lazima yamwagwe kwenye mchanga. Nilikuwa nikiyarusha yale maji mbali, karibu na ua wa jirani ambaye hatukuwa tukimpenda sana.

Siku zikaenda. Baba akashika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Akafunga vifungo vya shati mwenyewe. Jioni moja nikasikia mlio uani, ko, ko, ko, nikachungulia. Gunia lilikuwa limefunguliwa kamba, na Baba alikuwa amekalia kipande kidogo cha mpingo. Alipiga kidogo, akapumzika, akapiga tena. Mama alisimama mlangoni ameshika ufagio bila kufagia. Hakuna aliyetaja Goba, na mwezi ulikuwa umebakiza siku nane.

Basi siku iliyofuata maji yakakatika. Mnakumbuka mabomba yetu yalivyokuwa; yalitoa siku yaliyotaka. Ndoo zilizobaki zilikuwa za kupikia tu, na Bibi akaniambia, "Leo jifute na kitambaa, si neno." Nikajifuta. Asubuhi nilipoamka, kidole gumba changu cha kulia kilikuwa kinawaka moto, na moto wenyewe unapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Sikuwa na shaka hata kidogo. Sikunawa, yameingia. Niliogopa, lakini sitadanganya, nilijisikia pia mtu mkubwa. Baba alikuwa anapona kwa sababu maumivu yake yalikuwa kwangu. Nikisema, Bibi atayatoa, na yakitoka yatakwenda wapi kama si kule yalikotoka? Yatamrudia Baba, naye atafunga lile gunia na kwenda Goba. Kwa hiyo nikakaa nayo. Shuleni niliibana penseli kati ya kidole cha pili na cha tatu, mwandiko ukawa wa kuku. Alasiri nilimkanda Baba kwa mkono wa kushoto, na Baba akaniuliza, "Leo umechoka?" Nikamwambia sijachoka. Siku ya nne nilishindwa hata kufunga kamba ya kiatu, nikaenda shule kiatu kinaburuzika, na bado nilijiona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya. Nikimfikiria yule mtoto leo, nataka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa pamoja.

Kilichoniumbua ni wali. Tulikuwa tumekaa sinia moja, Mama, Bibi na mimi, nikamega kwa mkono wa kushoto.

"Zuhura," Bibi akasema. "Mkono huo nao unakula?"

"Wa kulia umeshiba."

Mama akanyanyua mwiko. Nikakimbilia uani alikokuwa Baba anakula peke yake. Alinidaka kwa ule mkono wa kulia, na mimi nikapiga yowe. Akakigeuza kiganja changu, akakiona kidole kilivyovimba kwenye shina. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia tangu maji yalipokatika. Akaniuliza kwa nini sikusema.

"Bibi atayatoa," nikasema. "Yatakurudia. Utaenda Goba."

Baba hakucheka, na namshukuru mpaka leo kwa kutocheka. Aliisogeza sahani yake, akanawa mkono, kisha akaunawa tena ukiwa umeshatakata. Akanishika bega, tukaingia ukumbini. Akakaa kwenye mkeka, safari hii ameelekea pazia, ambalo nyuma yake Bibi alikuwa ameshaingia chumbani kwake kwa kumkimbia mkwe. Baba akakohoa.

"Shikamoo, Mama," akasema, moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

"Marahaba. Zuhura, muulize baba yako kuna nini."

"Mtoto ana mkono mbovu. Anasema ni ugonjwa wangu, amenichukulia."

"Mwambie baba yako maumivu hayahami mtu na mtu. Huyu nilimwambia konzi, yeye kabonyeza kwa ncha ya kidole siku zote hizi. Kidole cha mtoto huyu, kitaacha kuuma?"

"Lakini Bibi, siku ile sikunawa."

"Hukunawa nini?"

"Maumivu."

Ndani ya pazia nikasikia kigoda kinalia. "Mjukuu wangu, yale ni mafuta ya karafuu. Ungeshika unga wa chapati nani angekula?"

Ningepaswa kufurahi. Sikuamini. Nilidhani ni mambo ya watu wazima, wanakutuliza ili wakufanye wanachotaka. Nikauficha mkono mgongoni, nikasema sitaki kukandwa, yakae humu humu. Baba akaninyooshea kiganja chake.

"Kama ni yangu, nirudishie," akasema. "Mie ndiye baba. Lete."

Nilimpa kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Zuhura, mwambie baba yako asiguse hicho kidole," Bibi akasema. "Apande juu, chini ya kiwiko, penye nyama nene. Kidole kinalia tu."

Nikasema. Kidole gumba cha Baba kikatembea juu ya mkono wangu, kikakita pale, na moto ukashuka wote kwa mara moja hadi kwenye ukucha. Nikaanza kulia.

"Mwambie abonyeze."

Nikauficha uso kwenye mkono wa kushoto.

"Zuhura, mwambie abonyeze."

Nililia tu, kamasi na machozi, na mle ukumbini hapakuwa na mwingine wa kupeleka maneno. Baba alikuwa amelegeza kidole, hajui aendelee au aache. Kisha pazia likatikisika kidogo.

"Baba Zuhura."

Miaka kumi ya ndoa, Bibi hakuwahi kumwita. Baba akakaa wima. "Naam, Mama."

"Hicho kidole chako kina nguvu?"

Baba akakitazama kilipokuwa, juu ya mkono wangu. Akakandamiza. Hakikutetemeka.

"Kina nguvu, Mama."

"Basi huko Goba watafute mtu mwingine. Bonyeza, mkwe wangu, usimwonee huruma."

Akabonyeza. Nilimkazia macho usoni muda wote, nalia na kuhesabu, nikingoja yamrudie. Nilifika thelathini, nikaendelea mpaka sitini ili niwe na uhakika. Hayakumrudia.